Ushirikishaji wa umma katika bajeti ya kaunti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mkazi wa Kenya anayetaka mradi wa wadi yake uingie kwenye bajeti ya kaunti, au ada fulani ipunguzwe, au pesa zilizotengwa mwaka jana zionekane zimefanya kazi gani. Tarehe na sheria zilizotajwa ni zilezile katika kaunti zote 47. Kinachotofautiana ni bidii ya kila kaunti kuzifuata.

Je, kushiriki ni haki yangu, au ni hisani ya gavana?

Ni haki. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuuwezesha umma kushiriki katika kazi zake, na cha 201 kinataka mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuushirikisha umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 115, inaufanya ushiriki katika mipango ya kaunti kuwa jambo la lazima.

Huhitaji kadi ya chama, barua ya chifu, wala kuwa ulimpigia kura aliyeko ofisini. Ukiambiwa mlangoni kwamba mkutano ni wa walioalikwa pekee, andika jina na cheo cha aliyekuambia, saa na mahali. Utahitaji maelezo hayo ukiamua kulalamika.

Ni mambo gani hasa yako chini ya kaunti?

Maombi mengi hufia hapa, kwa kupelekwa mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kilimo, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko na leseni za biashara, maji na usafi, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, uzimaji moto, taka na mipango ya ardhi. Serikali ya kitaifa inabaki na shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, polisi, vitambulisho, hospitali za rufaa za kitaifa na barabara za kitaifa, ambazo huangaliwa na mashirika kama KeNHA, KURA na KeRRA.

Kwa hiyo mzazi anayesimama katika kikao cha bajeti ya kaunti kuomba madarasa ya sekondari atapigiwa makofi, ataandikwa, na ombi lake litaishia hapo. Kabla ya kuomba barabara, muulize msimamizi wa wadi kama ni ya kaunti au ya shirika la kitaifa. Msimamizi wa wadi ni mfanyakazi wa kaunti. Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali ya kitaifa. Chifu anaweza kukusaidia kuitisha watu, lakini bajeti ya kaunti haipiti mezani kwake.

Tuliomba daraja kwenye mkutano wa Mei na wote wakakubali. Kwa nini halikuingia?

Kwa sababu kufikia Mei bajeti imekwisha kupata umbo lake. Hili ndilo jambo tunalotamani kila mkazi alijue kabla ya jingine lolote, kwa kuwa watu wengi hutumia nguvu zao zote katika mkutano mmoja ambao kwa kweli una nafasi ndogo ya kubadilisha chochote.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Maandalizi yake huanza karibu mwaka mzima kabla. Kufikia Agosti 30, hazina ya kaunti hutoa waraka wa bajeti wenye ratiba ya mwaka: nani atafanya nini, lini. Kufikia Septemba 1, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaojulikana kwa herufi ADP, lazima uwe umefika katika bunge la kaunti. Huu ndio unaotaja miradi. Mradi usiotajwa humo huanza safari ukiwa nyuma, kwa sababu sheria inataka matumizi yote yatokane na mipango iliyoidhinishwa. Tena ADP yenyewe huchota kutoka kwa CIDP, mpango wa miaka mitano unaotayarishwa baada ya kila uchaguzi mkuu.

Kisha Februari 28 inakuja tarehe ya pili nzito: Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti, CFSP. Huu hautaji daraja lenu. Hugawa pesa kwa idara: maji wapate kiasi hiki, barabara kiasi hiki, afya kiasi hiki. Bunge la kaunti lina siku 14 tu za kuujadili. Likishaupitisha, viwango vya idara vimewekwa.

Makadirio kamili ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na lazima yapitishwe kabla ya Juni 30. Mikutano inayopigiwa debe zaidi hufanyika katikati, Mei. Lakini kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinalizuia bunge kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Daraja lenu lilikuwa linagombea mabaki ya asilimia hiyo moja.

Kwa hesabu hiyo, anayetaka kisima kichimbwe katika mwaka wa fedha wa 2027/2028 anaanza kuandika kabla ya Septemba 2026. Mkutano wa Mei msiususie, maana una kazi yake: kuhakikisha mradi ulioahidiwa Septemba bado umo na kiasi chake hakijapunguzwa.

Nitajuaje mkutano uko lini na wapi?

Usingoje tangazo likufikie. Matangazo huwekwa gazetini, kwenye tovuti ya kaunti, kwenye kurasa zake za mitandao ya kijamii, na wakati mwingine kwenye redio za lugha za mama, na mara nyingi hutoka siku chache kabla ya kikao. Kazi ya hakika zaidi ni kuomba ule waraka wa Agosti 30 na kunakili tarehe zake. Kisha mwombe msimamizi wa wadi nambari yake ya simu, na mmoja wenu ampigie juma la kwanza la Agosti, la Februari na la Mei. Ofisi ya karani wa bunge la kaunti ina ratiba yake pia, kwa sababu kamati za bunge hufanya vikao vyao mbali na vile vya serikali ya gavana. Watu hudhani ni kikao kimoja kinachorudiwa. Ni viwili, mbele ya watu tofauti, na maoni yaliyotolewa kwa kimoja hayahamii kwa kingine yenyewe.

Picha ya tangazo lenye tarehe yake ihifadhiwe. Kama lilitolewa jioni kwa mkutano wa kesho asubuhi, hiyo picha ni ushahidi.

Nyaraka nazipata wapi? Kila mara tunapewa karatasi moja mlangoni.

Sheria inaitaka kaunti ichapishe ADP na CFSP ndani ya siku saba baada ya kuziwasilisha bungeni. Anza na tovuti ya hazina ya kaunti. Usipozipata, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki hiyo, na si lazima ueleze unazitakia nini.

Barua iwe fupi: jina lako, mawasiliano, na nyaraka unazotaka zikitajwa kwa jina na mwaka. “Naomba nakala ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa 2026/2027 pamoja na kiambatisho cha orodha ya miradi kwa kila wadi” ni ombi linalojibika. “Naomba taarifa zote za bajeti” halijibiki, na litakurudia na swali au likae tu. Unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika ana haki ya kueleza ombi lake kwa mdomo na afisa akaliandika.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Kuanzia tarehe ya muhuri huo wana siku 21 za kujibu, wanazoweza kuongeza mara moja kwa siku zisizozidi 14. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama halisi ya kunakili tu. Siku zikipita kimya, au ukikataliwa, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman) ipitie uamuzi huo. Wengi wakishindwa kwenye hatua hii huwa ni kwa kukosa ule muhuri, si kwa kukosa haki.

Bajeti ina kurasa mia tatu na zaidi. Nisome nini?

Tatu au nne tu kati ya sehemu zake zitatosha. Anza na jedwali la mgawo wa idara, uone pesa zimekwenda wapi kwa jumla. Kisha linganisha matumizi ya kawaida, yaani mishahara, safari, mafuta na ofisi, na matumizi ya maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo katika kipindi cha miaka kadhaa. Baada ya hapo nenda kwenye idara inayokuhusu, na mwisho kwenye orodha ya miradi ya wadi yako.

Katika orodha hiyo tafuta vitu vinavyojirudia. Mradi uliotengewa pesa mwaka jana na juzi na sasa tena: uliza umefika wapi. Mradi usio na mahali, kama “ukarabati wa barabara mbalimbali”, ni pesa zinazoweza kwenda popote. Omba ziandikwe majina ya barabara na urefu wake. Na kila mnapoona jengo jipya la zahanati, geukieni matumizi ya kawaida ya idara ya afya mtazame kama kuna mishahara ya wauguzi na dawa za zahanati hiyo. Majengo yaliyopakwa rangi na kufungwa kufuli yapo kwa sababu pesa za jengo na pesa za wahudumu ziko kwenye safu mbili tofauti, na wananchi waliomba moja tu.

Maoni ya maandishi yaandikwe vipi?

Ukurasa mmoja unatosha. Afisa anayekusanya maoni anajaza jedwali lenye safu za wadi, idara, ombi na kiasi. Umrahisishie kazi na ombi lako litaingia jinsi lilivyo. Ukimwandikia hotuba, atalifupisha kwa maneno yake mwenyewe. Huu ni mfano wa kubuni:

“Kuhusu: Makadirio ya 2026/2027, Idara ya Maji, ukurasa wa 112. Ombi: Shilingi milioni 2 za ukarabati wa ofisi ya maji zihamishiwe ununuzi wa pampu ya umeme wa jua kwa kisima cha kijiji chetu. Sababu: Kisima kilichimbwa na kufunikwa, na hakijawahi kutoa maji kwa kukosa pampu. Watakaonufaika: kaya 240, shule ya chekechea na zahanati. Viambatisho: picha ya kisima, muhtasari wa mkutano wa kijiji, majina na sahihi za wakazi 86.”

Nguvu ya ombi hilo iko katika kutaja pesa zitoke wapi. Bajeti ikishagawanywa, kila nyongeza ni punguzo mahali pengine, na anayelitaja punguzo hilo amemfanyia mwakilishi wadi sehemu ngumu ya kazi. Linaomba pia kukamilisha kitu kilichoanzwa, na hilo huwa rahisi kutetea kuliko kuanzisha kipya.

Kosa linalojirudia ni orodha ya matamanio: barabara, stima, soko, uwanja, kituo cha polisi, yote katika barua moja. Mwandishi anakuwa amemwachia afisa uamuzi wa kuchagua, na huyo atachagua lililo rahisi kwake. Kaeni kijijini kwanza, mpige kura mbili: ya kwanza kubakiza matatu, ya pili kuyapanga kwa umuhimu.

Na kama nina dakika mbili tu za kusema mkutanoni?

Sema jina lako, unakotoka, ombi moja, kiasi, na sababu moja. Shukrani ndefu kwa waheshimiwa zinakula muda wako. Gawaneni: mmoja aseme kuhusu maji, mwingine ushuru wa soko, mwingine barabara, na kila mmoja akabidhi karatasi yake kwa mwandishi wa kikao. Kabla ya kutoka, mwombe mwandishi akusomee alichoandika juu ya ombi lako. Anaweza kukunja uso kidogo, lakini ni hapo “tupate kalvati mbili pale mtoni” hugunduliwa imeandikwa “barabara”.

Angalia pia unachotia sahihi. Orodha ya waliohudhuria hutumika baadaye kuonyesha kwamba umma ulishirikishwa. Iwe na kichwa cha mkutano na tarehe juu yake. Usitie sahihi kwenye karatasi tupu.

Je, kaunti inalazimika kufuata maoni yetu?

Hailazimiki kukubali kila ombi. Inalazimika kutoa nafasi ya kweli ya kusikilizwa na kuyatafakari maoni yenu kabla ya kuamua. Katika uamuzi wake wa 2019 kuhusu kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe halisi usiwe wa kujionyesha: mada iwe wazi, watu wapewe taarifa za kutosha, na anayeendesha awe na nia ya kusikiliza.

Hivyo swali la kuuliza baada ya bajeti kupitishwa ni hili: ombi letu lilijadiliwa wapi, na lilikataliwa kwa sababu gani? Omba ripoti ya kamati ya bajeti ya bunge la kaunti. Ripoti nzuri ina kiambatisho cha maoni ya umma na majibu yake. Isiyo nacho, andikeni kuomba kiwekwe mwaka ujao.

Mwakilishi wadi wetu ameahidi mradi. Hiyo haitoshi?

Hapana. Uliza umeandikwa ukurasa gani. Mwakilishi wadi, yaani MCA, hutunga sheria, hupitisha bajeti na huikagua serikali ya kaunti; hajengi barabara wala hashiki pesa za mradi. Ana uzito mkubwa katika kamati, na inafaa sana kumpa nakala ya kila barua, lakini ahadi isiyo na mstari kwenye bajeti haina pesa nyuma yake.

Mradi uko kwenye bajeti, pesa zimetajwa, mwaka umeisha na hakuna kilichojengwa. Kwa nini?

Sababu huwa chache na zinajulikana, na karibu zote zinaweza kuulizwa mapema.

Ardhi ndiyo ya kwanza. Kaunti haiwezi kujenga zahanati kwenye shamba la mtu kwa maneno ya mdomo. Mzee aliyetoa kiwanja kwa wema akifariki kabla ya kuhamisha hati, warithi wanaweza kukidai na kazi ikasimama. Kabla ya kuomba jengo lolote, pateni nakala ya hatimiliki au barua inayoonyesha kwamba ardhi ni ya umma. Kwa kisima, uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi uwe umefanywa. Bila huo, mtambo unaweza kuletwa na kutoboa shimo kavu.

Ya pili ni pesa zenyewe kutofika. Kaunti hutegemea sana mgao kutoka serikali ya kitaifa, ambao hucheleweshwa, na hukadiria ushuru wake wa ndani kwa matumaini makubwa. Mapato yakipungua, mishahara hulipwa kwanza na miradi husubiri. Madeni ya wanakandarasi wa miaka iliyopita nayo hula bajeti mpya kabla haijaanza kutumika.

Ya tatu haionekani kwa urahisi: bajeti ya ziada. Katikati ya mwaka serikali ya kaunti hurudi bungeni kubadilisha matumizi, na miradi midogo ya vijijini inaweza kufutwa au kupunguzwa humo. Watu walioshangilia Juni hawana habari Februari. Mwombeni karani wa bunge awajulishe kila bajeti ya ziada inapowasilishwa, na mkaukague mstari wa mradi wenu kwanza.

Zabuni pia huchelewa. Ikitangazwa Aprili, kazi haiwezi kukamilika kabla ya Juni 30, na mradi unasukumwa mwaka unaofuata. Uliza mwezi wa Oktoba kama zabuni imetangazwa. Usingoje.

Tunafuatiliaje ujenzi ukianza?

Ombeni vitu viwili: mkataba, na orodha ya vifaa na gharama ambayo mafundi huiita BQ. Hiyo BQ ndiyo inayosema ukuta ni wa mawe au matofali, saruji ni mifuko mingapi, mabati ni ya geji gani, kalvati ni za kipenyo kipi. Bila hiyo mtabaki kulalamika kwamba kazi ni mbovu. Mkiwa nayo mtasema mkataba ulitaja kalvati nne za milimita 600 na zilizowekwa ni mbili.

Chagueni watu watatu hadi watano, mmoja wao akiwa fundi anayeheshimika, watembelee kazi kila juma, wapige picha kutoka sehemu ileile kila mara, na waandike tarehe. Kama kaunti imeunda kamati ya usimamizi wa mradi, hakikisheni haikuchaguliwa na mwanakandarasi. Wasiwasi wowote uandikwe kwa mhandisi wa kaunti kabla ya malipo ya mwisho. Mwanakandarasi akishalipwa chote na muda wa dhamana kuisha, kumrudisha ni kazi kubwa.

Kwa picha ya jumla, hazina ya kaunti hutoa ripoti ya matumizi ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka, na Msimamizi wa Bajeti wa kitaifa (Controller of Budget) huchapisha ripoti zake kuhusu kaunti zote. Zinaonyesha kila idara ilitengewa kiasi gani na ilitumia kiasi gani. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja baadaye, lakini humo mtakuta miradi ikitajwa kwa jina: uliolipwa na haupo, uliokwama, uliojengwa chini ya kiwango.

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti ni nini, na lina tofauti gani na maoni?

Maoni hujibu waraka ambao kaunti imeutoa. Ombi rasmi unalianzisha wewe, wakati wowote, juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka ya bunge: kutunga sheria, kuibadilisha, kuchunguza dampo lililo karibu na makazi. Haki hiyo iko katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti.

Mara nyingi maombi hurudishwa kwa kasoro za umbo. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila maneno yaliyofutwafutwa. Lielekezwe kwa bunge kupitia karani. Lieleze tatizo, juhudi mlizokwisha kufanya na ofisi husika, na kama jambo liko mahakamani au la. Limalizikie kwa kutaja hasa mnachotaka bunge lifanye. Kila karatasi ya sahihi iwe na kichwa cha ombi, maana karatasi yenye majina matupu inaweza kubandikwa popote. Kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za vidole gumba. Likisomwa bungeni hupelekwa kwa kamati. Muulize karani ni kamati gani, na mwombe kuitwa kutoa ushahidi.

Ada ya soko imepanda ghafla. Tulipaswa kuzungumza wapi?

Kwenye Mswada wa Fedha. Huu ndio unaopanga ada na tozo: ushuru wa soko, leseni za biashara, maegesho, vibali vya ujenzi. Bunge la kaunti huupitisha ndani ya siku 90 baada ya sheria ya bajeti, hivyo mijadala yake huangukia Julai hadi Septemba, wakati watu wanaamini msimu wa bajeti umepita.

Njooni na hesabu. Muuza mboga anayeuza kiasi fulani kwa siku akilipa ada fulani mara sita kwa juma, hiyo ni asilimia ngapi ya faida yake? Pendekezeni kiwango mbadala na mwonyeshe kwamba wengi wakilipa kiasi kidogo kaunti haitapoteza. Malalamiko ya jumla kwamba ada ni kubwa yamesikika kila mwaka.

Je, tunalipwa nauli kuhudhuria?

Kaunti nyingine hutoa chai au nauli, nyingine hazitoi. Tunashauri msiijenge shughuli yenu juu ya pesa hizo, kwa kuwa anayelipa nauli ndiye anayechagua nani apande gari. Changeni nauli ya wajumbe wawili au watatu, mkawape maombi yote ya kijiji yaliyotiwa sahihi, na waje kuripoti kwa kikao cha wote.

Vipi kwa wasioweza kufika: wenye ulemavu, akina mama wenye watoto wachanga, wafugaji walio mbali?

Andikeni mapema kuomba mahali pasipo na ngazi, mkalimani wa lugha ya ishara, na saa inayofaa. Kikao cha saa tatu asubuhi siku ya soko kimewafungia nje wafanyabiashara wote. Maoni yanaweza kupelekwa kwa barua, kwa baruapepe au kwa mkono wa jirani, na yana uzito uleule. Makueni inatajwa mara nyingi kwa sababu vikao vyake huanzia kijijini, vikapanda hadi kundi la vijiji, nusu wadi, wadi, kaunti ndogo, kisha kaunti. Mtu hatembei mbali kusikilizwa mara ya kwanza. Wadi yoyote inaweza kuomba utaratibu wa aina hiyo.

Ni wakati gani wa kwenda mahakamani?

Pale ambapo hakukuwa na nafasi ya kweli ya kushiriki na barua zenu zimekaa bila majibu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishaji wa kutosha, kwa hiyo hili si tishio tupu. Lakini kutofurahishwa na matokeo hakutoshi. Mahakama itauliza: tangazo lilitolewa lini na kwa njia zipi, nyaraka zilipatikana, watu walipewa muda gani, maoni yao yalifanyiwa nini? Majibu yenu yatoke kwenye faili: picha ya tangazo, barua zenye muhuri, orodha ya waliohudhuria, ripoti ya kamati. Anzeni faili hiyo siku ya kwanza, ikae kwa mtu mmoja, na nakala yake kwa mwingine anayeishi nyumba tofauti.

Tuko watu saba tu. Tuanzie wapi?

Saba wanatosha. Mmoja achukue kalenda na simu za ofisi. Wawili wasome nyaraka. Mmoja aandike, mmoja atunze faili, wawili wazunguke vijijini kukusanya maoni na sahihi. Kwa mwaka wa kwanza chagueni jambo moja, ikiwezekana mradi uliokwama ambao kaunti yenyewe imekwisha kuukubali, na mwulize pia nani anawawakilisha katika Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Sheria inataka jukwaa hilo, linaloongozwa na gavana, liwe na wawakilishi wa wafanyabiashara, wataalamu, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini, ambao si maafisa wa kaunti, kwa idadi sawa na ya wajumbe wa kamati tendaji. Majina yao ni habari ya umma. Waandikieni Januari, kabla ya CFSP kukamilika.